Kipande cha Flana

Meno ya chini ya Kipaza yaliondoka kinywani mwake bila kuaga, mchana kweupe, mbele ya umati wa mnada, mwenyewe akiwa katikati ya kutamka bei ya mwisho.

Ni vyema tukio hili lisimuliwe kwa heshima linayostahili. Meno yalichomoka, yakapaa, yakapinduka hewani kama samaki aliyekata shauri, kisha yakatua ndani ya kofia ya koti la mvua ambalo Kipaza alikuwa amelinyanyua juu ili watu wa nyuma walione. Wateja wa mnada ule ni watu ambao hawajawahi kukubaliana juu ya jambo lolote, hata kama mvua inanyesha au imekatika. Siku hiyo walikubaliana kucheka.

"Koti na meno yake, bei gani?" aliuliza fundi baiskeli.

Huyu fundi baiskeli hakukosa mnada wa mitumba hata mmoja, na hakuwahi kununua hata kifungo. Alifuata maneno. Na Kipaza, ambaye amelea na kusomesha watoto wawili kwa maneno, hakuwahi kumwacha aondoke bila jibu. Safari hii pia jibu alikuwa nalo, limekaa tayari kwenye ncha ya ulimi. Tatizo ni kwamba lilikuwa jibu la kuhitaji meno.

Akashuka mezani ameziba mdomo kwa kiganja. Kijana anayeitwa Redio, ambaye hunadi kwa kurekodi sauti yake nyumbani na kuifungulia kwenye spika huku yeye akila karanga, alipanda badala yake. Mwenyekiti wa mnada akamfuata Kipaza nyuma ya marobota, akamwambia kwa sauti ya msibani kwamba apumzike kidogo. Meza yake ipo. Watamtunzia mpaka marobota ya makoti ya baridi yafike. Yakifika hayajamkuta, basi, mama yangu, biashara ni biashara.

"Wamecheka meno tu," Kipaza alisema. Alikuwa ameyarudisha, anayashikilia kwa kidole. "Kesho watasahau."

"Mama," alisema mwenyekiti, "wamepiga video."

*

Kuna jambo ambalo Kipaza hakumwambia mwenyekiti, wala binadamu mwingine yeyote aliye hai. Jambo hilo wakati huo lilikuwa limeanikwa nyuma ya nyumba yake, kwenye kamba, chini ya taulo. Lilikuwa kipande cha flana.

Ufizi wake wa chini ulikuwa umelika. Mwaka hadi mwaka mfupa ulizidi kushuka, ukawa bapa kama ukingo wa sahani, na meno ya bandia yakawa yanateleza juu yake kama sabuni bafuni. Angekwenda kwa daktari, angeelezwa. Hakwenda. Badala yake alikata kipande cha flana ya mtoto mchanga, ile iliyofuliwa mpaka ikawa laini kama shavu, akakikunja na kukitandika chini ya meno, ubavu wa kushoto, ambako ndiko yalikokuwa yakiinuka. Yakashika. Tangu hapo jioni alikifua kwa siri, asubuhi alikitandika kwa siri. Mume wake alidhani kitambaa kile kidogo ni cha kusafishia miwani, na mara mojamoja alikisafishia miwani.

Siku ya mnada kitambaa hakikuwa kimekauka. Basi, hayo ndiyo yote. Nchi huanguka kwa sababu ndogo kuliko hiyo.

*

Video ilimfikia Meneja kabla mama yake hajafika nyumbani. Meneja ni mtoto wa kwanza. Cheo alikipata kwenye ofisi ya bima, lakini tabia yenyewe alikuwa nayo tangu shule ya msingi. Alikuja siku ya mapumziko, akavua viatu mlangoni, akaketi kwenye makochi.

Makochi hayo yanahitaji kutambulishwa. Alikuwa ameyanunua yeye, mapana, rangi ya maziwa, bado yamevaa nailoni ya dukani, na siku ya kuyaleta alitangaza mbele ya majirani kwamba hayo ni makochi ya mama yake ya kustaafia. Kipaza alishukuru sana. Kisha akaendelea kukalia kigoda chake cha mbao. Makochi yanamlaza mtu, alisema, na yeye hajazaliwa kulazwa.

Meneja alizungumza kwa muda mrefu. Alitaja umri. Alitaja heshima. Alitaja wakwe, ambao hakuna aliyewauliza. Mwishoni akasimulia jinsi wenzake wa ofisini walivyomwonyesha ile video wakati wa chai, bila kujua yule mama ni nani wake.

"Nikacheka nao, Mama," alisema, akiangalia soksi zake. "Ningefanya nini? Nilicheka nao."

Kicheko cha mnada mzima hakikumuuma Kipaza kama hicho kimoja.

Kitindamimba, ambaye ni msusi na kwa hiyo hujua mambo ya kila kichwa mtaani, ndiye aliyeleta habari ya meno ya kupandwa. Mteja wake mmoja alikuwa nayo. Daktari anapiga picha ya taya lote, alieleza, kompyuta inaliona mpaka ndani ya mfupa, inachagua mahali pa kutoboa kabla mtu hajaguswa, na meno yakishafungwa hapo hayatoki hata upige chafya ya ng'ombe. Alieleza huku mikono yake ikisuka hewa.

Baba yao alisikiliza. Mtaa mzima ulimwita Mzee Shii, kwa sababu alikuwa mtunza maktaba, akalipwa mshahara ujana wake wote kwa kuwaambia watu "shii". Ni yeye aliyeoa sauti kubwa kuliko zote mjini. Watu walishaacha kulitafutia jambo hilo maelezo.

"Nitalipa," Meneja alisema baada ya kufikiri. "Lakini ni meno ya kulia chakula, Mama. Na ya kupigia picha siku za shughuli. Si ya kupandia mezani. Mnada basi."

Kipaza alitazama kigoda, akatazama makochi.

"Lipa kwanza, mwanangu," alisema.

Mtu makini angegundua kwamba hilo halikuwa jibu la ndiyo. Meneja alikuwa ameshaanza kuvaa viatu.

*

Daktari wa meno alikuwa kijana mwenye mikono misafi mno, aliyezungumza na kompyuta yake kwa upole kuliko alivyozungumza na wagonjwa. Aligeuza kioo ili familia yote ione taya la kijivu likizunguka lenyewe hewani. Si lako, alimtuliza Kipaza, hili ni la mfano.

Skrubu mbili za titani, alieleza, zitapandwa kwenye mfupa wa mbele. Mfupa utazikumbatia kwa miezi kadhaa. Kisha meno yatabanwa juu yake, na mwenyewe ataweza kuyabandua akitaka kuyaosha, kama vifungo vya kubana vya koti. Hilo Kipaza alilielewa mara moja. Ila mahali pa kutoboa hapakisiwi kwa macho. Atapigwa picha akiwa amevaa meno yake, na meno yatapigwa picha peke yake. Kompyuta itazioanisha picha hizo na kuchapisha kielekezi, plastiki ngumu yenye umbo lilelile la meno yake, yenye matundu mawili. Siku ya kazi kielekezi kitakaa ufizini palepale meno yanapokaa, na keekee, ile mashine ya kutobolea, itapita ndani ya tundu. Haiwezi kupotea kushoto wala kulia.

"Na ikipotea?" aliuliza Mzee Shii. Lilikuwa neno lake la kwanza tangu asubuhi.

Daktari aligusa mstari mwembamba mwekundu uliopita ndani ya lile taya. Huo ni mshipa wa fahamu wa mdomo. Ukijeruhiwa, mdomo wa chini hufa ganzi, na wengine hubaki hivyo maisha. "Ndiyo maana tunatumia kompyuta," alisema, akatabasamu.

Kipaza alijishika mdomo wa chini. Mkulima ana jembe, yeye ana huo.

"Haya meno uliyonayo yanakaa vizuri, mama?" daktari aliuliza. "Kama yanacheza tuanze kwa kutengeneza mengine. Kila kitu kitapimwa kutokana nayo."

Macho yote yakamgeukia. Meneja alikuwa anaangalia saa yake. Mengine maana yake ni malipo mengine, na malipo mengine ya Meneja huja na masharti mengine. Tena angeanza kueleza tangu lini yanacheza, na alikuwa akiyashikilia kwa nini.

"Yameshika kama kupe," alisema Kipaza. "Siku ile ilikuwa chafya."

Daktari akayachukua, akayabandika alama ndogondogo kama mbegu za ufuta, akamrudishia. Kwenye chumba cha picha mhudumu alimwonya asitikisike. Meno yasicheze hata kidogo, alisema, yakicheza picha yote imeharibika, hata mate asimeze. Kipaza akayajaribu kwa ulimi. Yalicheza. Akaomba kwenda msalani mara moja, na mkoba wake.

Huwezi kusema hakutii. Aliambiwa yasicheze, na aliporudi hayakucheza. Picha ilitoka safi. Daktari aliona tu kiufa chembamba cheusi kati ya meno na ufizi, upande wa kushoto, akasema kwamba hapo mfupa umelika zaidi, akabofya, akaendelea na kazi.

*

Siku ya kupandwa, Meneja alikaa nje ya kioo amepakata koti lake. Kipaza alilazwa, akadungwa, akangoja mpaka nusu ya uso wake ikawa ya mtu mwingine. Kisha daktari akafungua kielekezi, plastiki ya manjano inayong'aa, akakilaza ufizini.

"Uma, mama."

Akauma. Ufizi wa chini ulikuwa umekufa ganzi, haukumwambia kitu. Lakini meno ya juu yalikuwa ya kwake mwenyewe, hayakuwa yamedungwa, na yalimpa habari kamili. Kulia yalikutana na plastiki. Kushoto yalikuta pengo. Kielekezi kilikuwa kimezama upande mmoja. Si sana. Unene wa kitambaa kilichokunjwa.

"Kinacheza kidogo," daktari alimwambia nesi. "Ni uvimbe wa sindano. Pini za kukifungia mfupani zitakishika."

Kipaza akatazama taa ya juu, na jambo zima likamjia kama lilivyo. Kompyuta ile yenye macho ya kuona ndani ya mfupa ilikuwa imekutana na flana ya mtoto mchanga, na kwa uaminifu mkubwa ikaipima kama kiungo halali cha mwili wake. Kielekezi hiki hakikuwa chake. Kilikuwa cha flana. Na keekee itakwenda mahali flana ilipoelekeza.

Angeweza kunyamaza. Siri ingebaki mkobani, Meneja asijue, na pengine keekee ingepita salama. Pengine. Aliusikia mlio wake ukianza, mwembamba kama wa mbu. Nyuma ya kioo mwanawe alikuwa ananyoosha shingo. Kipaza alifikiria mdomo wake, akafikiria aibu yake, akavipima vyote viwili kama mtu anayechambua robota, kipi kiende rundo lipi. Mficha uchi hazai.

Akanyoosha mkono juu. Ulikuwa ule mkono wa kusimamisha bei, na umati mkubwa kuliko ule umewahi kuutii. Keekee ikanyamaza.

Alikitoa kielekezi mwenyewe. Akaonyesha mkoba. Nesi alipomletea, alipekua chini kabisa, chini ya leso na funguo, akatoa kipande cha flana, akakikunjua, akakilaza kwenye sinia katikati ya vyuma vinavyomeremeta. Kilikuwa na picha ya bata wa manjano.

"Mmepima hii," alisema, maneno yakimtoka yamelegea upande mmoja. "Mimi bado."

Nesi aligeukia ukuta, mabega yakimcheza. Daktari alimtazama bata kwa muda mrefu kuliko bata anavyostahili.

"Ule ufa," alisema hatimaye.

"Uliuona?"

"Niliuona. Nikadhani ni mfupa."

"Wewe uliona ukanyamaza. Mimi nilijua nikanyamaza. Basi tusilaumiane, daktari, tuanze upya."

*

Kuanza upya kulikuwa na bei yake. Meno mapya, picha mpya, kielekezi kipya. Daktari, ambaye masikio yake yalikuwa bado mekundu, alisema kazi ya mikono yake hataidai mara ya pili. Lakini kielekezi huchapishwa kwenye karakana ya watu wengine, na ile haijui habari za bata.

Meneja alisikiliza yote haya amesimama kwenye ujia. Wagonjwa wengine walikuwa wameketi kando wakijifanya wanasoma mabango ya kupiga mswaki.

"Miaka yote hiyo unatuficha, Mama," alisema kwa sauti ya chini. "Nimelipia kitambaa kipigwe picha. Nikiulizwa nitasema nini?"

Kipaza alifungua mdomo. Mdomo ulikuwa wa mtu mwingine.

"Mimi nimefika mwisho," Meneja aliendelea. "Meno ya kawaida nitakununulia, ule uji wako na wali wako kwa amani. Nyumba unayo, mzee unaye, makochi unayo. Kaa, Mama. Kaa tu."

Ganzi ilikuwa imezidi kuenea, sasa imefika mpaka ulimini. Akatikisa kichwa polepole, juu na chini, mara nyingi. Meneja aliridhika. Msusi, aliyekuwa amekuja kumchukua na anayemjua mama yake, alikiona kichwa kile kikitikisika akaingiwa na hofu.

Nyumbani, ganzi ilipoanza kuachia, Kipaza alimsimulia mumewe habari ya flana tangu mwanzo. Alisimulia akiwa kwenye kigoda, amempa mgongo. Mzee Shii alivua miwani, akaisogeza puani, akainusa.

"Ndiyo maana," alisema, "siku zote nikisoma nasikia harufu ya dawa ya mswaki."

Kipaza alicheka mpaka ubavu ule uliodungwa ukauma. Kisha akageuka.

"Mzee wangu," alisema, "nguvu za kubeba makochi unazo?"

*

Yalitolewa nje asubuhi, yakapangwa barabarani mbele ya nyumba, nailoni ikiwaka jua. Mzee Shii alishika upande mmoja, msusi na wateja wake wawili, mmoja kichwa kimesukwa nusu, wakashika upande wa pili. Kigoda kikawekwa mbele. Kipaza akapanda juu yake.

Hakuvaa meno. Alikuwa ameyaacha ndani, kwenye kikombe, kwa makusudi kabisa.

Mtaa haujakusanyika haraka hivyo tangu bomba kuu lipasuke. Fundi baiskeli alifika akisukuma baiskeli ya mtu. Redio naye alikuja, akidai anapita tu. Simu zikainuliwa juu. Kipaza akavuta pumzi na kufungua mnada, na neno la kwanza likatoka lororo, limejaa hewa, kama neno la kichanga.

Wakacheka. Walianza wa mbele, wakaambukizwa wa nyuma, kikawa kile kicheko kilekile cha siku ile ya koti.

"Shii," alisema Mzee Shii.

Hakuisema kwa nguvu. Aliisema kama alivyokuwa akiisema zamani kutoka nyuma ya meza ya maktaba, kidole kikiwa mdomoni, macho juu ya miwani. Na nusu ya watu wazima waliokuwa pale, ambao utotoni mwao waliwahi kufukuzwa na shii hiyo wakiwa na biskuti mfukoni, wakanyamaza kabla hawajafikiri. Waliobaki wakanyamaza kwa kushangaa wenzao.

"Ahsante, bwana," Kipaza alimwambia mumewe. Kisha akaugeukia umati. "Sasa nitazameni vizuri, mpige na picha, mwanga ni mzuri upande huu. Sina meno ya chini. Mbele ya kompyuta nilisema ninayo, na kompyuta ya watu ikaniamini, masikini. Leo ninauza makochi ili nikapimwe mimi mwenyewe. Anayenunua asogee. Aliyekuja kucheka acheke, akimaliza apishe wenye fedha."

Akaanza kazi. Sauti haikuwa ileile. Herufi nyingine zilimponyoka zikaenda zake. Lakini macho yalikuwa yaleyale, na vidole vilevile vilivyomnyooshea mnunuzi kabla mnunuzi hajajijua. Alimwambia mwenye duka la dawa kwamba mgongo wake unaonekana tu kuwa umelilia kochi kama hili. Alimwambia mama wa saluni kwamba wateja wake wamekaa kwenye kreti za soda kama watu waliokamatwa. Mama wa saluni akaongeza. Mwenye duka la dawa akaongeza. Bei ikawa inapanda polepole, kama mtu mnene anayepanda ngazi, lakini inapanda.

Hapo ndipo gari la Meneja lilipokata kona.

Alishuka akiwa na tai, na simu mkononi ikionyesha mnada uleule moja kwa moja, video ambayo yeye mwenyewe sasa alikuwa ndani yake. Umati ukampisha mpaka mbele.

"Mama, shuka," alisema kwa meno yaliyoumana. Alikuwa nayo yote. "Shuka, tuongee ndani."

"Karibu, mteja," alisema Kipaza. "Mnadani hapa husemi shuka. Unasema bei."

"Haya makochi ni yangu, nilikununulia mimi."

"Ulinipa ama uliniazima?"

Meneja aliangalia huku na huku. Majirani walewale aliowatangazia siku ile walikuwa wamemzunguka, wana kumbukumbu nzuri sana.

"Nilikupa," alisema.

"Mmemsikia. Alinipa. Mtoto wangu ana mkono wazi, na makochi yanatoka kwenye nyumba njema. Mama wa saluni ndiye wa juu. Nahesabu."

Akaanza kuhesabu. Ilibidi Meneja achague, mbele ya simu zote zile, kati ya kuyaona makochi ya mama yake yakielekea saluni, na kufungua mdomo. Akafungua mdomo. Alitaja bei, kwa sauti ndogo.

"Hasikiki huyu wa mbele. Kweli huyu ni wa kwangu?"

Akaitaja tena, kwa nguvu. Watu wakapiga makofi. Mama wa saluni, ambaye hakuwa mtu wa kushindwa na tai, akaongeza. Meneja akaongeza. Masikio yake yakawa kama ya daktari. Na Kipaza hakumpunguzia hata punje. Alimkamua mwanawe kama alivyowakamua watoto wa wanawake wenzake, kwa haki na bila chuki, mpaka mama wa saluni alipoinua mikono. Alihesabu mara ya mwisho, akapiga kofi moja.

"Yamekwenda kwa bwana mwenye tai."

Meneja alilipa. Kisha akabaki amesimama barabarani na makochi ambayo sasa alikuwa ameyanunua mara mbili. Alimuuliza baba yake, kwa sauti iliyochoka, ayapeleke wapi.

"Kwanza kaa," alisema Mzee Shii.

Akakaa. Nailoni ikalia chini yake. Baada ya muda alianza kutikisika, mkono umefunika uso, na msusi akadhani analia, akamsogelea. Alikuwa anacheka. Safari hii hakuna aliyemwonyesha video kwanza.

*

Daktari hakufungua kompyuta mpaka alipotengeneza meno mapya, akayakandamiza kwa vidole viwili, kushoto na kulia, kama mtu anayejaribu kiti kabla ya mgeni. Chumba cha picha, Kipaza aliingia bila mkoba. Na kielekezi cha pili kilipofika, daktari alikilaza ufizini, akamwambia aume, akainama karibu sana.

"Mama. Chini ya hiki kuna nini?"

Kipaza alikitoa kwanza, ili neno litoke zima.

"Mimi," alisema.

Akakirudisha, akauma, kikakaa kimya pande zote mbili. Keekee ikaingia tundu la kwanza, ikaingia la pili, ikatoka. Siku iliyofuata Kipaza aliugusa mdomo wake wa chini kwa kijiko baridi, na mdomo ukamjibu kwamba ni baridi.

Mfupa una mwendo wake, hauamrishwi. Makoti ya baridi yalifika mapema kuliko mfupa, na mwenyekiti wa mnada alipoanza kukuna kichwa na kutaja biashara, Kipaza alimwambia hana haja ya kumtunzia meza, ameshafika. Akapanda bila meno ya chini, akanadi hivyo hivyo, siku hadi siku, robota hadi robota. Redio alimwazima spika. Aliitumia kama mahali pa kuwekea chai.

Siku alipokuja na meno yamebanwa juu ya skrubu, hakumwambia mtu. Robota la kwanza lilipofunguliwa, juu kabisa kulikuwa na koti la mvua lenye kofia. Akalinyanyua. Kule nyuma fundi baiskeli akajikohoza, maana kuna nafasi ambazo mtu mwenye akili haziachi zipite.

"Koti na meno yake, bei gani?"

Umati ukageuka kumtazama Kipaza. Yeye aliingiza kidole gumba mdomoni, taratibu, akabandua. Ilisikika mpaka safu ya nyuma, tak, kama kifungo cha kubana. Akayainua meno juu kwa mkono wa kulia, koti likiwa juu kwa mkono wa kushoto, akawazungushia watu wote vitu hivyo viwili wavione, bila haraka. Kisha akayarudisha, tak, na kumtazama fundi baiskeli moja kwa moja.

"Koti lina bei," alisema, kila herufi mahali pake. "Meno si ya kuuza. Sasa wewe, leo utanunua, ama nikuongezee miaka mingine ya kusimama?"

Fundi baiskeli alipapasa mifuko. Mchana huo, chini ya jua kali, alirudi kwenye kibanda chake amevaa koti la mvua.